Mtoto wa Mkulima na Jirani Yake: Kura Zetu Zilivyotufikisha Hapa



Kila mwaka tunapokutana kuchangia maendeleo ya kwetu, kabla chakula hakijaiva huzuka ubishi ule ule. Mmoja anasema mkoa huu tuliletewa na mtu mmoja. Mwingine anamjibu kwamba mkoa ulikuja kwa sababu muda wake ulikuwa umefika. Wa tatu, kwa kawaida ni mzee, huwasikiliza wote wawili, kisha huuliza: "Na nyinyi mlikuwa wapi?" Ubishi hukoma kwa kicheko, tukakaa kula.

Safari hii tumeona tusicheke tu. Tumeamua kuandika kwa kifupi habari za Mheshimiwa Mizengo Kayanza Peter Pinda, mbunge wetu kwa miaka 15 na Waziri Mkuu kwa zaidi ya miaka saba, jinsi alivyochaguliwa, jinsi alivyotumikia na jinsi alivyoondoka. Pembeni yake tumeiweka habari ya jirani yake wa upande wa pili wa ukumbi wa Bunge, Mheshimiwa Said Amour Arfi, kwa kuwa hadithi ya mmoja haikamiliki bila ya mwenzake. Hatuandiki kwa ajili ya chama chochote cha siasa. Humu ndani tuna wenye kadi za kijani, wenye kadi za rangi nyingine na wasio na kadi kabisa. Tunaandika ili watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wajue kura ya babu yao ilifanya nini.

Nchi ilivyokuwa

Wazee wetu, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Watongwe, Wafipa na wengine waliowafuata, waliishi katika nchi kubwa yenye watu wachache. Jina la Katavi lenyewe tumelirithi kwao: ni la mzimu ambao makao yake, kwa masimulizi ya wazee, ni kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya leo, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale tangu zamani. Magharibi, kule Karema kwenye Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879, na mwaka 1885 wamisionari wa White Fathers wakalipokea na kuligeuza kuwa misheni.

Mji wa Mpanda ulikua kwa ajili ya madini. Risasi ndiyo iliyofanya serikali ya kikoloni ijenge tawi la reli kutoka Kaliua, takriban kilomita 210, lililokamilika mwaka 1950. Mgodi ule ulidumu muda mfupi tu, ukafungwa mwanzoni mwa uhuru ulipokuwa unabisha hodi. Reli ikabaki. Kwa miaka mingi treni ile ndiyo iliyokuwa mlango wetu wa kutokea. Aliyetaka kwenda shule ya mbali, hospitali kubwa au kutafuta kazi, alipanda behewa kuelekea Kaliua na Tabora akiwa na mfuko wa mahindi na kidumu cha asali.

Kiutawala tulikuwa watu wa kuhamishwa. Tulikuwa chini ya Tabora, katika Jimbo la Magharibi la mkoloni na baadaye katika Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikatolewa Tabora ikaunganishwa na Sumbawanga. Makao makuu ya mkoa yakawa kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo masika ilikuwa ikikatika. Mwaka huo huo wa 1974 Katavi ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Basi tukawa wilaya iliyo mbali na mkoa wake, katika mkoa ulio mbali na Taifa.

Kupiga kura hatukuanza juzi. Vijana wengi wanadhani ushindani ulianza na vyama vingi. Wazee wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965 na zilizofuata chini ya chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa ubunge walisimama katika jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Wote walikuwa wa chama kimoja, lakini mbunge aliyezembea aliweza kuangushwa, na wengi nchini waliangushwa. Mazoea hayo ya kumpima mtu kwanza na kuangalia chama baadaye hayakufa mwaka 1992 vyama vingi viliporudishwa. Msomaji ayakumbuke, maana tutayarudia.

Mtu wa ofisini anarudi nyumbani

Mizengo Pinda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948, mwana wa familia ya wakulima, na kijiji chake ni Kibaoni, upande wa Mpimbwe. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1974. Akaanza kazi kama wakili wa serikali katika Wizara ya Sheria. Mwaka 1978 akahamia Ikulu, na kuanzia mwaka 1982 hadi 1992 alikuwa katibu msaidizi wa Rais, kwanza chini ya Mwalimu Julius Nyerere, kisha chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katika awamu ya Rais Benjamin Mkapa alikuwa Karani wa Baraza la Mawaziri, hadi mwaka 2000.

Tuitazame njia hii vizuri. Kwa zaidi ya miaka 20 mtu huyu alikaa karibu kabisa na mamlaka, lakini jina lake halikuwa gazetini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kuandika na kutunza siri. Aliowatumikia walikuwa wakubwa, yeye alikuwa mwenye jalada. Wengi wa aina hiyo hustaafu wakajenga Dar es Salaam, na nyumbani huwaona kwenye misiba tu. Yeye mwaka 2000 aliomba kura kwa watu wa jimbo la Mpanda Mashariki, akapewa.

Hapo ndipo lilipoanza jina la "mtoto wa mkulima." Alilitumia mwenyewe, likamganda. Wapo waliolisema kwa upendo na wapo waliolisema kwa kejeli, lakini kwetu halikuwa na ajabu. Karibu kila mmoja wetu ni mtoto wa mkulima. Ajabu ilikuwa kulisikia likitamkwa bila aibu na mtu aliyekuwa akiingia na kutoka Ikulu.

Mara tu baada ya kuingia bungeni aliteuliwa kuwa Naibu Waziri anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Baada ya uchaguzi wa 2005 Rais Jakaya Kikwete alimpa uwaziri kamili wa eneo hilo hilo. Hii ndiyo wizara ya halmashauri, watendaji wa vijiji, shule za msingi na zahanati. Haina sifa za fedha wala za ulinzi, ila ndiyo inayomgusa mwananchi wa Mamba na Usevya kila siku.

Mwaka 2005: majirani wawili

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa nje hawalijui na sisi wenyewe tunalisahau. Katika uchaguzi wa Desemba 2005, CCM ilishinda karibu kila mahali Tanzania Bara. CHADEMA ilipata majimbo matano tu nchi nzima: Moshi Mjini kwa Philemon Ndesamburo, Karatu kwa Dakta Willibrod Slaa, Kigoma Kaskazini kwa Zitto Kabwe, Tarime kwa Chacha Wangwe, na Mpanda Kati kwa Said Arfi.

Ndiyo, Mpanda. Si Dar es Salaam wala Mwanza wala Arusha. Wilaya ile ile iliyomrudisha Pinda bungeni kwa tiketi ya chama tawala ilimpeleka Arfi kwa tiketi ya upinzani. Mwananchi wa mjini na mwananchi wa Mpimbwe walikuwa wakinunua sokoni pamoja, wakisali pamoja na kuoleana, lakini kila mmoja alichagua kwa akili yake. Arfi baadaye akawa Makamu Mwenyekiti wa CHADEMA Tanzania Bara, na mwaka 2010 akachaguliwa tena, jimbo likiwa sasa linaitwa Mpanda Mjini.

Tunalisema hili kwa sababu tumewahi kusikia watu wakidai kwamba sisi wa pembezoni hupigia kura yeyote tunayeambiwa. Si kweli. Kwa miaka kadhaa wilaya moja ilitoa kiongozi wa Serikali bungeni na kiongozi wa juu wa chama cha upinzani. Mmoja alikaa upande wa kulia wa Spika, mwingine upande wa kushoto, na wote wawili walipotaja nyumbani walikuwa wanataja sehemu moja. Mmoja alibanwa na wajibu wa kuitetea Serikali. Mwingine alikuwa huru kuuliza kwa nini treni ya Mpanda haifiki kwa wakati. Tulihitaji wote wawili.

Siku nne za Februari 2008

Tarehe 6 Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge chini ya Dakta Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Tarehe 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na kwa kujiuzulu kwake Baraza zima la Mawaziri likavunjika. Tarehe 8 jina la Mizengo Pinda likapelekwa bungeni, wabunge wakalithibitisha kwa kura nyingi mno. Tarehe 9 akaapishwa.

Wengi wetu tuliisikia habari hiyo redioni, na wapo ambao hawakuamini mpaka walipoisikia mara ya pili. Waziri Mkuu kutoka Mpanda! Magazeti yalianza kutafuta Kibaoni kwenye ramani.

Kuna jambo la kikatiba ambalo kila mpiga kura wa kwetu anapaswa kulijua. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa katika majimbo. Mbunge wa kuteuliwa hawezi, na wa viti maalumu hawezi. Maana yake, pamoja na uzoefu wote wa Ikulu na usafi wa jina, kama wakulima wa Mpanda Mashariki wasingepanga foleni mwaka 2000 na mwaka 2005, mlango ule usingefunguka. Rais aliteua na Bunge likathibitisha, lakini waliotangulia kumteua ni akina mama waliofunga kanga viunoni wakatembea kilomita kadhaa hadi kituoni. Hili ndilo jibu la kwanza kwa yule mzee anayeuliza tulikuwa wapi.

Miaka saba ya uzito

Tusiandike kama watu wa kusifu tu. Kumheshimu mtu ni kumkumbuka kwa ukamilifu wake.

Waziri Mkuu Pinda alikuwa mtu wa maneno ya taratibu na asiyependa makuu. Alisema hadharani dhidi ya matumizi ya magari ya kifahari serikalini, yale tunayoyaita mashangingi. Alisimamia kaulimbiu ya Kilimo Kwanza iliyotangazwa mwaka 2009, na alihimiza ufugaji wa nyuki kila alikokwenda, jambo ambalo watu wa Inyonga hawakuhitaji kufundishwa, ila walifurahi kuona asali yao inatajwa Dodoma.

Januari 2009 nchi ilikuwa katika aibu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Kwa uchungu alitamka kwamba wauaji nao wauawe. Alipobanwa bungeni kwa sababu matamshi hayo yalikwenda kinyume na utawala wa sheria, alijieleza akiwa analia. Wapo waliomcheka. Wapo waliosema kiongozi halii. Sisi tunaona mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli, na kwamba Bunge lilikuwa sahihi kumuuliza, kwani mwanasheria anajua kuliko wengine wote kwamba hukumu ni ya mahakama.

Mwaka 2010 alipita bila kupingwa katika jimbo lililoitwa sasa Katavi. Ni heshima kubwa, lakini mzee wetu mmoja alisema neno ambalo hatujalisahau: kupita bila kupingwa ni sawa na kula ugali bila mboga, unashiba lakini huna cha kusimulia. Mwaka ule watu wa jimbo lile hawakupata mdahalo, hawakusikia ahadi zikishindanishwa, na wapiga kura wao kwa upande wa mbunge walikuwa mashahidi tu.

Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Katiba inadai saini za asilimia 20 ya wabunge, na saini zilipatikana. Hoja haikufikia kura. Mwezi uliofuata Rais alibadilisha Baraza la Mawaziri na baadhi ya mawaziri wakaondoka, Pinda akabaki. Juni 2013 alisema bungeni kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola watapigwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimpeleka Mahakama Kuu. Kesi ikatupwa mwaka 2014, lakini kauli haikusahaulika. Novemba 2014 likaja suala la akaunti ya Tegeta Escrow. Mapendekezo ya Kamati ya Hesabu za Serikali yalimtaja naye, ila maazimio ya mwisho ya Bunge hayakumgusa.

Tunayaandika haya bila furaha na bila hofu. Kwa wengine huko mbali ni habari za siasa. Kwetu ni habari za mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu akikosea tunaumia mara mbili. Lakini tusipoyaandika sisi, watoto watayakuta kwa wengine, tena bila upande wa pili: kwamba katika miaka saba ile mawaziri wengi walianguka kwa tuhuma za mali, na yeye aliondoka ofisini akiwa bado anaitwa mtoto wa mkulima.

Mkoa

Mwaka 2010 Serikali ilitangaza nia ya kuunda mikoa mipya, na Machi 2012 Katavi ikawa mkoa rasmi pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Makao makuu yakawa Mpanda. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuhamishwa baina ya Tabora na Sumbawanga, ofisi ya Mkuu wa Mkoa ikawa mahali ambapo mtu wa Mishamo, Karema au Majimoto anaweza kwenda kuuliza jambo lake.

Je, ni Pinda aliyetuletea? Ubishi unarudi. Ukweli ni kwamba nafasi yake haikutudhuru, na asingekuwa mwana wa Mpanda kama angelala. Lakini pia ni kweli kwamba mikoa minne iliundwa kwa pamoja, na mitatu kati yake haikuwa nyumbani kwa Waziri Mkuu. Eneo letu ni zaidi ya kilomita za mraba 45,000, kubwa kuliko nchi ya Rwanda na ya Burundi kila moja peke yake. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikatuhesabu 1,152,958. Tumeongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi, kasi isiyofikiwa na mkoa mwingine wowote nchini. Mkoa wenye hali hiyo ungeundwa tu, mapema au baadaye. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuhakikisha ni mapema.

Kwa barabara ni hivyo hivyo. Lami ya kutoka Sumbawanga ilianza kusogea kuja kwetu kipande kwa kipande wakati wake, na kiwanja cha ndege cha Mpanda kikawekwa lami. Ila wakati huo huo, nyumbani kwa Waziri Mkuu, mji wa Mpanda ulikuwa ukiwaka kwa majenereta ya dizeli, gridi ya Taifa ikiwa mbali. Lami ya Tabora na bandari ya Karema zilikuja baada ya yeye kuondoka, chini ya wabunge wengine na marais wengine. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iliyopo Mpimbwe, ambayo leo inabeba jina lake, nayo imewapokea wanafunzi akiwa tayari ni mstaafu. Mbegu inaweza kupandwa na mmoja na kupaliliwa na mwingine. Anayedai shamba lote ni lake anawasahau wapaliliaji.

Mwaka 2015: wote wawili wanatoka

Mwaka 2015 Pinda aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Wana-CCM waliochukua fomu walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Julai, pale Dodoma, majina matano yalipotangazwa, la kwake halikuwamo. Waliobaki walikuwa January Makamba, Asha-Rose Migiro, Bernard Membe, Amina Salum Ali na John Magufuli, na mwisho akateuliwa Magufuli. Pinda hakugombea tena ubunge. Hakuhama chama na hakutukana mtu. Alikabidhi ofisi kwa Kassim Majaliwa, akarudi kwenye shamba na mizinga yake.

Arfi alikuwa amejiuzulu umakamu mwenyekiti wa CHADEMA mwishoni mwa mwaka 2013, katika mgogoro ulioutikisa uongozi wa chama chake. Katika uchaguzi wa 2015 Mpanda Mjini ilikwenda kwa Sebastian Kapufi wa CCM. Majimbo yetu nayo yaliongezeka yakawa matano: Mpanda Mjini, Mpanda Vijijini, Nsimbo, Katavi na Kavuu. Nyumbani kwa Pinda kukawa Kavuu, na Dakta Pudenciana Kikwembe akachaguliwa kuwa mbunge wake, mwanamke katika jimbo la kuchaguliwa. Katavi ikamchagua Mhandisi Isack Kamwelwe, ambaye baadaye akawa waziri.

Tusisahau waliopiga kura mwaka ule kwa mara ya kwanza. Katumba tangu mwaka 1972, na Mishamo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliishi ndugu zetu waliokimbia mauaji Burundi. Walilima, wakalisha mkoa, watoto wao wakazaliwa hapa, lakini hawakuwa raia. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ingawa vyeti vilichelewa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2015 mtu aliyelima Katumba kwa zaidi ya miaka 40 aliingia kwenye chumba cha kura akiwa Mtanzania. Huyu hahitaji kufundishwa thamani ya karatasi ile.

Tunabaki na nini

Historia hii imetufundisha mambo matatu, na tunayaweka mbele yenu.

La kwanza, kura zetu si ndogo. Zilitoa Waziri Mkuu na zilitoa kiongozi wa upinzani, wakati wengine wanadhani sisi ni mwisho wa reli tu. Tusiziuze kwa kilo ya sukari wala kwa fulana.

La pili, mkubwa wa kwetu ni baraka, lakini si mpango wa maendeleo. Tulikuwa na Waziri Mkuu, na bado kuna watoto waliokaa chini darasani. Hakuwa Waziri Mkuu wa Kibaoni, alikuwa wa Tanzania, na hata angetaka, mtu mmoja hafikishi dawati katika kila kijiji. Tuliokaa tukisubiri simu ipigwe kutoka Dodoma tulipoteza miaka ambayo haitarudi.

La tatu, viongozi huondoka. Pinda ameondoka bungeni, Arfi ameondoka, na waliopo leo nao wataondoka. Wanaobaki ni wananchi na walichokijenga.

Harambee ya mwaka huu ni ya kukamilisha bweni la wasichana, ili binti anayetoka kijiji cha mbali asipange chumba mtaani na asiache shule. Halina rangi ya chama. Hatuombi liitwe jina la mtu. Katika ukurasa unaofuata kuna fomu ya ahadi: jaza kadiri ya uwezo wako, awe wa shilingi elfu tano au milioni tano, na timiza ulichoahidi. Mwenye mifuko ya saruji alete saruji, mwenye lori atubebee mchanga, fundi atoe siku zake.

Ili mwakani ubishi ukizuka tena na yule mzee akatuuliza "Na nyinyi mlikuwa wapi?", tumwoneshe paa.

Karibuni sana nyumbani.